Batamaji anaungua kwenye picha: nimvute karibu kwa mkate?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naishi Cardiff, Wales, na kila ukifika mwezi wa tano batamaji wa ziwa la Roath Park huangua vifaranga. Nina kamera ya kihisi kidogo na lenzi ya milimita 70–300. Mama anatoka mweupe kama karatasi, huoni unyoya hata mmoja. Nikipunguza mwanga, vifaranga wanatoka kama madonge ya matope. Nilisoma kwamba kitu cheupe lazima uongeze mwanga; nikaongeza, ikawa balaa zaidi. Rafiki yangu anasema ninunue lenzi ya 600. Kuna mwingine anafundisha kwa video, anasema nibebe mkate niwavute hadi miguuni pangu, hapo lenzi yoyote itatosha. Nimeambatanisha picha mbili. Nifuate lipi?

JIBU: Marahaba, dada. Usifuate hata moja kati ya hayo matatu.

Kanuni ya kuongeza mwanga ni ya theluji, na watu wanainakili bila kueleza inatoka wapi. Kipima mwanga cha kamera hakijui batamaji ni nini. Kinadhani kila kilicho mbele yake, kikichanganywa pamoja, ni kijivu cha wastani. Shuka jeupe likijaza fremu yote, kamera itapunguza mwanga na weupe utatoka wa kijivu. Hapo ndipo unapoongeza. Ziwani ni kinyume. Batamaji wako anachukua pengine sehemu moja ya kumi ya fremu, na iliyobaki ni maji meusi yenye vivuli vya miti. Kamera inaona giza, inaongeza mwanga yenyewe, na wewe unaongeza juu yake. Kwa hiyo punguza. Anza na –1 kwenye kitufe cha fidia ya mwanga (+/–), na jua likiwa kali shuka hadi –1⅔. Washa lile onyo linalowakawaka kwenye skrini palipoungua, uhakikishe mgongo na kifua cha mama haviwaki. Pima kwa weupe wake, vifaranga uwaache watoke na giza kidogo.

Giza hilo utaliinua baadaye ukipiga kwa RAW (faili ghafi linalohifadhi yote yaliyonaswa na kihisi), kwa sababu manyoya ya kijivu ya kifaranga yamo ndani ya faili, yamefifia tu. Manyoya ya mama yaliyoungua hayamo kabisa. Ndiyo maana nakasirika kuona watu wanauza vifurushi vya filta kwa ahadi ya “kurudisha weupe”. Hakuna wanachorudisha, wanapaka kijivu juu ya shimo. Na zile programu mpya zinazobuni manyoya zinakuchorea batamaji ambaye wewe hukumwona.

Kuhusu matope, kosa lako ni saa. Katika picha zote mbili kivuli cha kichwa cha mama kimeangukia majini chini yake moja kwa moja. Umepiga saa saba mchana. Katikati ya Mei jua la Cardiff linachomoza karibu saa kumi na moja na robo alfajiri na linazama karibu saa tatu usiku, kwa hiyo una saa mbili nzuri asubuhi na mbili nyingine jioni. Siku yenye mawingu mepesi ni bora kuliko zote: weupe wa mama na kijivu cha watoto vinakaribiana, na kamera yako inavimudu vyote viwili. Lala chini, lenzi iwe karibu na usawa wa maji. Shata 1/1000 ya sekunde, tundu la lenzi f/8, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) uiache ipande. Basi, kwa upande wa kamera umemaliza.

Sasa mkate. Hapa nitakaa, maana swali hili naletewa kila majira ya kuchipua, na wanaouliza wameshafundishwa vibaya.

Kwanza hesabu. Kwa kamera yako, lenzi ikiwa kwenye 300 na batamaji yuko mita 15, fremu inachukua upana wa kama mita 1.2 tu. Batamaji mzima akinyoosha shingo ana urefu wa karibu mita moja na nusu. Yaani mita 15 tayari ni karibu mno, hata mdomo na mkia haviingii pamoja. Ukitaka mama na vifaranga watano au sita nyuma yake, unahitaji mita 25 au 30. Lenzi uliyonayo inatosha, na ya 600 ingekulazimisha urudi nyuma mara mbili ya hapo. Huyo anayekuambia uwalete miguuni anakutengenezea tatizo jipya.

Sitakutisha kwamba mkate ni sumu. Wapo wanaosema mkate ndio unaopinda mabawa ya vifaranga, na hilo halijathibitishwa. Wenye ukungu ndio hatari kweli. Shida ya mkate ni kile kinachotokea ukingoni pindi unapourusha. Mabata bukini wanakuja mbio, shakwe wanashuka, mbwa wa watu anavuta kamba yake. Kifaranga wa wiki moja hana mabawa ya kumwokoa. Hataruka mpaka afike miezi minne au mitano. Kinga yake ni maji na wazazi wake. Wewe umemtoa majini ukamleta kwenye saruji, katikati ya fujo, na shakwe mkubwa anaweza kumbeba kifaranga mdogo.

Na baba? Huyo ndiye anayenisikitisha zaidi, kwa sababu picha yake ndiyo inayosifiwa mno: mabawa yameinuliwa mgongoni kama matanga, shingo imerudishwa nyuma, anakuja kwa kasi. Watu huandika chini yake “ananipozia”. Hapozi. Anakuambia ondoka, na ana uzito wa kilo kumi na zaidi wa kusindikiza maneno yake. Kila dakika anayokukabili wewe, vifaranga hawalindwi upande mwingine, wala hawali.

Na ukimleta karibu unapata picha gani? Shingo ndefu imeelekezwa kwenye lenzi, mdomo wazi, makombo majini. Kile kilichokutoa kitandani alfajiri hukipati. Katika wiki za mwanzo vifaranga hupanda mgongoni kwa mzazi, wakachungulia katikati ya mabawa. Mzazi hupiga miguu majini ili chakula kipande juu, au hung'oa majani chini ziwani akayaacha yaelee mbele ya watoto. Hayo huyafanya akiwa ametulia, na hatatulia mbele ya mtu mwenye mfuko wa mkate. Kaa sehemu moja dakika arobaini bila kumfuata. Mara nyingi yeye ndiye atakayepita mbele yako.

Nasema hivi kwa sababu nami nimepita njia hiyo. Picha yangu ya kwanza kununuliwa ilikuwa ya furukombe wa Ziwa Naivasha, kucha mbele, maji yanaruka. Mwenye boti alipiga mluzi, akarusha samaki aliyechomekwa kipande cha funjo ili aelee, na furukombe akaja kama alivyozoeshwa. Niliiona fahari. Kisha nikaanza kuiona kwa watu wengine: pembe ileile, samaki yuleyule anayeelea ubavu. Nimeishusha ukutani. Sikupiga picha ya furukombe akiwinda, nilipiga picha ya furukombe akilishwa, na miaka yote ile niliwaambia watu anawinda.

Mkate, mluzi, sauti ya ndege inayochezwa kwenye simu, droni, vyote ni mchezo mmoja: kumlazimisha ndege aje au aruke kwa sababu wewe una haraka. Mwaka 2021, kwenye hifadhi ya Bolsa Chica huko California, droni ilianguka katikati ya membe waliokuwa wanaatamia. Kundi zima liliondoka, likaacha mayai zaidi ya 1,500. Aliyeirusha huenda alitaka video ya dakika mbili tu. Nikisikia mtu anajisifu kwamba anajua kuwarusha heroe kwa kupiga makofi ili anga ijae waridi, nawaza Ziwa Natron, ambako karibu heroe wote wa aina ndogo wa Afrika Mashariki huzaliwa, na nawaza makofi hayo yakifika kule.

Ukitaka kweli kumwona batamaji kwa karibu, nenda Abbotsbury, Dorset, kusini mwa Uingereza. Kundi lile limetunzwa tangu wakati wa watawa Wabenedikti, karne nyingi zilizopita, na ndege wamezoea watu wapitao kwenye njia katikati ya viota. Kuanzia katikati ya Mei hadi Juni mayai yanaanguliwa mbele ya macho yako, na wasimamizi wapo. Roath Park hakuna wa kumsimamia yule baba isipokuwa yeye mwenyewe. Akiinua mabawa, rudi nyuma hatua kumi kabla hujagusa shata, na ukimwona mtu wa mkate anakuja upande wako, mwambie yanayotokea ukingoni.