Darasa Halijibu Malalamiko ya Maji: Kwa Mnaoanza Kazi ya Uhusiano na Jamii

Nilipoajiriwa na kiwanda kimoja cha huku magharibi mwa Kenya, wanakijiji walikuwa wamelalamika kwa miezi kwamba majitaka yetu yanaingia mtoni, nasi tukawajibu kwa kuwajengea darasa na kuwagawia vijana jezi. Siku ya uzinduzi, mama mmoja alisimama, akatoa chupa ya maji yenye rangi ya chai ya rangi, akaiweka mezani juu ya orodha ya mahudhurio, akarudi kuketi bila kusema neno. Meneja alihutubia dakika ishirini huku chupa ikimtazama.

Msimtegemee mfadhili wa jezi awaokoe katika mgogoro wa namna hiyo. Kifungu cha 10 cha Katiba ya 2010 kinautaja ushiriki wa umma miongoni mwa maadili ya kitaifa, na kanuni za mwaka 2003 za tathmini ya athari za mazingira zilimtaka mwenye mradi afanye angalau mikutano 3 na watakaoathirika, kwa notisi ya wiki moja na kwa saa zinazowafaa. Hizo saa zinazowafaa ndizo tunazopuuza zaidi: ukiitisha baraza siku ya soko, utapata wazee wachache na vijana waliofuata nauli, ilhali akina mama wanaochota maji yenyewe wako sokoni. Halafu mtu aliyetia sahihi apate soda huonekana kwenye ripoti kama aliyeuridhia mradi. Mimi nimewahi kuandika ripoti ya aina hiyo.

Kule Olkaria, Kaunti ya Nakuru, Wamaasai waliohamishwa mwaka 2014 kupisha mradi wa umeme wa mvuke walijengewa nyumba na shule, lakini malalamiko yao yalifika Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, hadi usuluhishi ukazaa makubaliano mwaka 2016.

Sisi hatimaye tuliweka daftari kwa mzee wa kijiji, malalamiko yakaandikwa kwa maneno ya mlalamikaji mwenyewe, kwa Kijaluo kama amesema kwa Kijaluo, pamoja na jina la afisa atakayejibu na tarehe ya jibu. Sampuli za maji zilichukuliwa mbele ya wanakijiji wawili waliochaguliwa na wenzao. Yule mama alikuwa mmojawapo, na kila mwezi alikuja na chupa yake, kwa kuwa zetu hakuziamini.