Kabla hujaingia Hive, kaa kidogo tuongee

Wiki hii vijana watatu wamenijia dukani, hapa Langoni, Lamu, ninapotoa fotokopi, niwafungulie akaunti za Hive, mtandao wa kuandika ambako kura za wasomaji humletea mwandishi pesa. Nimewafungulia, lakini niliwakalisha kwanza. Mimi niliingia bila kukalishwa na mtu, nikaumia.

Jueni kwamba kura haziko sawa. Kwenye Hive, na kwenye Steem, mtandao mama ambako Hive ilijitenga Machi 2020, uzito wa kura hutokana na sarafu za kidijitali ulizofungia kwenye akaunti. Mwenye nyingi hugusa kitufe mara moja, andiko likapanda dola kadhaa. Wewe wagusa mchana kutwa, sufuri. Sufuri hiyo si dharau: malipo ya andiko yasipofika senti 2 za dola, mfumo hauyatoi kabisa. Wakubwa huitwa nyangumi, sisi dagaa.

Mvuvi wa Lamu hashangai. Mashua ikirudi, mwenye chombo na nyavu ana fungu lake hata kama alilala kwake. Hive nayo, baada ya siku 7, nusu ya malipo ni ya mwandishi na nusu ni ya waliompigia kura, kwa kadiri ya uzito wao. Basi nyangumi hupata kwa kusoma, au bila kusoma, maana wengi wameiachia programu iwapigie kura.

Hilo sikulijua. Niliandika jinsi mafundi wa Matondoni wanavyokalafati mashua kwa pamba, picha nane, usiku mzima. Nikapata senti 11. Siku hiyo hiyo mkubwa mmoja aliweka picha ya kikombe chake cha kahawa, dola zikamiminika. Nikamwandikia maneno ya barazani, yale ya kukosana. Akanipigia kura ya kushusha na hizo senti 11 zikayeyuka. Kosa langu? Nusu. Kahawa yake hadi leo naiona ghali.

Kilichonibakisha ni mama mmoja wa Venezuela, dagaa kama mimi, aliyeniuliza pamba ile huchukua muda gani kuoza majini. Ikabidi nirudi Matondoni kwa mafundi kuuliza. Kura yake haikuwa na thamani hata ya senti, ila alikuwa amesoma hadi mwisho. Kwa hiyo, ukiwa huna uzito, soma na uulize swali la mtu aliyesoma. “Andiko zuri, nami nitembelee” ni kuombaomba tu.

Nyangumi naye mumsitiri. Nguvu ya kura hurudi asilimia 20 kwa siku, yaani humtosha kupiga kura 10 kamili tu, na wanaomngoja ni maelfu. Kuna wanaoziacha mbili tatu kwa wageni, kama mvuvi anavyowatupia kitoweo waliosaidia kuvuta mashua. Halazimishwi na mtu.

Jambo linalonikera zaidi: msiuze umaskini wetu. Kuna aliyepiga picha ya mtoto wa jirani akiwa na kanzu iliyochanika, akaandika kisa cha njaa, kura zikaja. Mtoto yule alikuwa ametoka kucheza mpira, na mama yake hakuulizwa. Dola mbili kwa msomaji wa Ulaya si kitu, kwetu ni chakula cha jioni. Pengo hilo liandike, lakini kwa jina lako na tumbo lako.

Na pesa ya karo usiifungie humo. Kuitoa ni wiki 13, fungu moja kila wiki, na mwalimu hangoji.