Kioo cha kung'aa au kisichong'aa kwa kazi ya barazani?

Dada, kwa kazi uliyoieleza, kuchapa barua na kujaza fomu za watu barazani hapo Mwanjelwa, Mbeya, chukua laptop yenye kioo kisichong'aa. Cha kung'aa kina rangi za kuvutia, nyeusi yake ni nyeusi kweli, ila nje utajiona sura yako na bajaji zinazopita nyuma, fomu huioni. Kisichong'aa huutawanya mwanga, kwa hiyo ule mmweko hautulii mahali pamoja.

Ila jua la kiangazi likikipiga moja kwa moja, nacho hupauka. Hapo kinachookoa ni mwanga wa skrini yenyewe, unaopimwa kwa niti. Laptop nyingi za bei ya chini zina niti 250 hivi, za kutosha ndani tu. Tafuta 400 kwenda juu, hata kama ni mtumba. Muuzaji hajui namba? Mwambie mtoke nayo nje saa saba mchana, ongeza mwanga hadi mwisho, fungua ukurasa mweupe wenye maandishi. Akikataa, hamia duka la jirani. Ujue tu, ukiongeza mwanga hivyo betri itakwisha mapema.

Stika ya kupunguza mng'ao ipo, lakini huleta chengachenga kwenye maandishi, mimi siipendi. Afadhali geuza meza ukae umeegemea ukuta, jua lisikutokee mgongoni, na uache shati jeupe, maana huakisiwa kwenye skrini. Juni, kwa baridi ya Mbeya, hiyo si tabu, sweta jeusi utalivaa tu.