Fidia ya kifo cha barabarani: nani ana haki ya kutia saini?

Dada uliyeuliza, pole sana kwa msiba. Umeeleza kwamba mumeo aligongwa na matatu miezi mitatu iliyopita, kwamba kampuni ya bima imempigia simu kaka wa marehemu ikiahidi kitu kidogo cha kuwasaidia watoto, na ungependa kujua kama kuna haja ya wakili. Nitakujibu kwa yale tuliyoyapitia sisi baada ya kaka yangu mkubwa, fundi wa kuchomelea vyuma, kugongwa na lori karibu na Mariakani akiwa abiria wa bodaboda.

Kwanza, mtu yeyote asitie saini chochote. Siku ya tatu ya matanga alikuja kwetu bwana mmoja aliyedai kutumwa na mwenye lori, akiwa na shilingi 150,000 na karatasi ya Kiingereza iliyosema kwamba familia imepokea fidia yote na haitadai tena. Baba alikwisha kushika kalamu, na kama si shemeji yangu kuomba karatasi ile isomwe kwanza, tungeingia katika mzozo mrefu wa kuthibitisha kwamba mzee hakuwa na mamlaka ya kusamehe haki ya wajane na yatima.

Mamlaka hayo hutoka mahakamani, wala hayatokani na ukubwa wa mtu katika ukoo. Sheria ya Kenya ya ajali zinazosababisha vifo, Sura ya 32, inawataja wanaofidiwa kuwa ni mke, mume, mzazi na mtoto wa marehemu. Ndugu hawamo. Mimi niliyehangaika na faili lile miaka yote sikuwa na senti yangu ndani yake, na ndivyo inavyopasa, kwa kuwa waliokuwa wakila kwa jasho la marehemu ni mkewe na wanawe. Kwa hiyo shemeji yako anaweza kukusindikiza kila mahali, lakini hawezi kukubali kiasi chochote kwa niaba yako. Nenda kwa chifu akuandikie barua inayowataja mjane, watoto na wazazi wa marehemu, kisha wakili akuombee mahakamani kibali cha mirathi chenye mipaka, yaani kile kinachokuruhusu kufungua kesi tu bila kugusa mali nyingine. Sisi tulikipata mapema kuliko tulivyotazamia.

Tulipokosea ni katika muda. Dereva alishtakiwa kwa kusababisha kifo kwa kuendesha gari kwa hatari, nasi tukadhani ni lazima kesi ile ya trafiki iishe ndipo tudai. Hakuna ulazima huo. Hukumu dhidi ya dereva husaidia sana, lakini kesi ya madai hujitegemea, na sheria inatoa miaka 3 tu tangu siku ya kifo. Kama gari ni la serikali, ni miezi 12. Tulingoja mwaka na zaidi, na katika kungoja huko yule kijana muuza madafu aliyeona lori likihama upande wake akahama mji, tusimpate tena. Andika sasa hivi majina na simu za walioshuhudia. Chukua abstrakti ya polisi, yaani hati fupi ya polisi kuhusu ajali, ripoti ya uchunguzi wa maiti, cheti cha kifo, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na risiti za mazishi, na uombe rekodi ya umiliki wa gari kutoka NTSA, mamlaka ya kitaifa ya usafiri na usalama barabarani, kwa sababu jina lililoandikwa ubavuni mwa matatu si lazima liwe la mwenyewe.

Kuhusu fedha, mahakama huangalia mapato ya marehemu kwa mwezi, miaka ambayo angeendelea kufanya kazi, na sehemu aliyoitumia kwa familia, ambayo kwa mwenye mke na watoto mara nyingi huwa theluthi mbili. Tuseme alipata shilingi 30,000 kwa mwezi na mahakama ikakadiria miaka 17: 30,000 mara miezi 12 mara miaka 17, kisha theluthi mbili yake, ni 4,080,000. Hapo ndipo utakapoona kwa nini bima huwahi kupiga simu. Fahamu pia kwamba sheria ya bima ya magari inailazimu kampuni kulipa hadi 3,000,000 kwa mtu mmoja, na kinachozidi hudaiwa kwa mwenye gari. Kaka yangu hakuwa na hati ya mshahara. Tulipeleka taarifa zake za M-Pesa na mteja wake mmoja akaja kutoa ushahidi. Mahakama ya Rufaa ilikwisha kusema mwaka 2005 kwamba karatasi si njia pekee ya kuthibitisha kipato, basi usikubali kuambiwa kwamba fundi au mchuuzi hana madai.

Wakili, basi, unamhitaji, ila umchague mwenyewe. Mkatae dalali anayekufuata hospitalini au nyumbani, hakikisha jina la wakili limo katika orodha ya Chama cha Mawakili wa Kenya kwa mwaka huu, na mkubaliane gharama kwa maandishi. Anayekuambia kwamba atalipwa asilimia fulani mkishinda tu, anakupa mapatano ambayo Sheria ya Mawakili haiyatambui. Kama huna uwezo, nenda Kituo cha Sheria, FIDA (chama cha mawakili wanawake), au Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Na mahakama yenyewe inaweza kukuruhusu kufungua kesi bila ada ukithibitisha ufukara wako.

Mwombe pia wakili ahakikishe hukumu inataja fungu la kila mtoto. La wapwa zangu liliwekezwa kwa amri ya mahakama mpaka watimize miaka 18, na hakuna mjomba wala ami anayeweza kuligusa.