Stenti ya aota: uliza habari za miaka ijayo kabla ya kutia sahihi

Baba yangu aliwekewa stenti, yaani bomba la ndani, kwenye aota, ule mshipa mkuu unaotoa damu moyoni na kuishusha tumboni, kwa sababu ulikuwa umetanuka. Alikuwa na moyo dhaifu na mapafu yaliyochoshwa na sigara, na leo tukirudishwa kwenye uamuzi ule ningekubali tena. Ila jamaa wanaonipigia simu kuomba ushauri huanza karibu wote na swali moja: alilazwa siku ngapi? Nawaelewa. Njia hii, ambayo madaktari huiita EVAR, haihitaji kupasua tumbo. Daktari hupitia mishipa ya kinena, anapandisha waya akiongozwa na picha za eksirei, kisha anafungua ndani ya aota bomba la kitambaa lenye fremu ya chuma, damu ipite humo badala ya kuendelea kusukuma ukuta uliotanuka. Wengi hurudi nyumbani baada ya siku chache tu. Lakini swali ambalo ningetaka mtu aulize kabla ya kutia sahihi ni hili: nani atamfuatilia mgonjwa huyu, kwa kipimo gani, na hadi lini?

Kwanza, msiingiwe na haraka. Baba hakuwa na dalili yoyote. Alipigwa altrasaundi ya tumbo kwa sababu ya mawe kwenye nyongo, na mpimaji akawa anarudisha kile kifaa palepale juu ya kitovu, mara ya pili, mara ya tatu, bila kusema neno. Aota ya tumboni kwa kawaida ina upana wa kama sentimita 2. Ikifika 3 huhesabiwa kuwa ni aneurizimu, yaani mtanuko wa mshipa. Hofu ni kupasuka, kwa maana ikipasuka wengi hufariki kabla ya kufikishwa chumba cha upasuaji. Ya baba ilikuwa bado haijafikia kiwango cha kufanyiwa upasuaji, na nyumbani palikuwa na kelele za "itolewe kesho". Utafiti uliofanyika Uingereza, na mwingine wa Marekani uliochapishwa 2002, ulionyesha kwamba kuwafanyia upasuaji mapema watu wenye aneurizimu ya kati ya sentimita 4 na 5.5 hakukuwaongezea maisha kuliko kuwapima mara kwa mara. Kwa hiyo tukasubiri, tukapima. Kazi kubwa ya kipindi kile ilikuwa kumwachisha sigara, kwa sababu hakuna kitu kinachochochea ugonjwa huu kama sigara. Kwa wanaume upasuaji huzungumzwa ikifika sentimita 5.5, kwa wanawake mara nyingi mapema kidogo, kwenye 5.

Ya baba ilipofikia kiwango hicho tulikuwa na bahati. Daktari bingwa wa mishipa aliyemshughulikia baba anafanya utafiti juu ya wagonjwa waliokwisha kuwekewa stenti, yaani anajua yanayotokea baada ya mgonjwa kurudi nyumbani. Alitugeuzia kompyuta, akatuonyesha "shingo", kile kipande cha aota kisichotanuka kati ya mishipa ya figo na mahali mtanuko unapoanzia. Shingo ikiwa fupi mno au imepinda sana, bomba halishiki vizuri. Mwambie daktari wako akuonyeshe shingo yako. Kama haifai kwa stenti ya kawaida, ni afadhali uambiwe mapema.

Kisha akatueleza utafiti wa EVAR 1 wa Uingereza, na hapa ndipo nilipoelewa. Wagonjwa waliofaa njia zote mbili waligawanywa kwa kura. Ndani ya siku 30 za mwanzo walifariki asilimia 1.7 ya waliowekewa stenti, na asilimia 4.7 ya waliopasuliwa tumbo. Tofauti hiyo si ndogo. Lakini walipofuatiliwa kwa takriban miaka 15, baada ya mwaka wa 8 hali iligeuka: waliowekewa stenti ndio waliokuwa wakifariki zaidi, na sababu mojawapo ni mfuko wa aneurizimu, yaani ile sehemu iliyotanuka nje ya bomba, kupasuka baadaye. Ndiyo maana wataalamu wenyewe hawakubaliani. Mwongozo wa 2020 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unaanza na upasuaji wa wazi, yaani wa kupasua tumbo, kwa mgonjwa anayeuweza, ilhali mwongozo wa Ulaya wa 2019 uliegemea stenti kwa wengi ambao umbile la aota yao linaruhusu. Kwa maoni yangu, mtu wa miaka sitini mwenye moyo imara asiukatae upasuaji wa wazi kwa kuogopa kovu. Kwa mtu kama baba, ambaye moyo usingestahimili aota kubanwa wakati wa upasuaji wa wazi, stenti ilikuwa jibu.

Picha ya CT ya baada ya mwezi mmoja ilionyesha damu bado inaingia kwenye mfuko. Mama alilia. Daktari akafafanua kwamba kuvuja si kwa aina moja. Damu ikipenya kwenye ncha za bomba au pale vipande vyake vinapoungana, hilo hurekebishwa bila kuchelewa. Ya baba ilitoka kwenye vimishipa vya mgongoni vinavyorudisha damu nyuma. Aina hiyo ndiyo ya kawaida zaidi, na mara nyingi huachwa ikiangaliwa mradi mfuko haukui. Kwa hiyo kila tukitoka kliniki tunaandika namba moja kwenye daftari: upana wa mfuko. Msikubali kuambiwa "iko sawa" tu. Ombeni namba, muilinganishe na ya mwaka uliopita.

Tunzeni pia kadi yenye jina na vipimo vya stenti pamoja na nakala za picha zote, kwa sababu daktari wa zamu usiku wa dharura hataweza kubahatisha. Maumivu ya ghafla ya tumbo au mgongo, kuzirai, au mguu kupoa na kufa ganzi: hospitali saa hiyohiyo. Na mgonjwa anayeendelea kupimwa aneurizimu akiandikiwa antibayotiki za kundi la ciprofloxacin, amkumbushe daktari habari ya aota yake. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya Desemba 2018 kwamba dawa hizo zinaweza kuongeza hatari ya aota kupasuka.

Jambo la mwisho linawahusu watoto na ndugu wa damu, maana ugonjwa huu hufuata ukoo. Sisi tumepimwa. Ni altrasaundi tu, haiumi wala haina mionzi. Ukienda, usiseme unataka kuangaliwa tumbo kwa jumla. Sema mzazi wako ana aneurizimu ya aota, na uombe upana wa aota yako upimwe na uandikwe kwenye ripoti.