Uliza Anko Akujibu: Wisconsin na zile sekunde 18.9

Wadau, toleo lililopita niligusia kidogo fainali ya hoki ya barafuni ya wanawake wa vyuo vya Marekani, ile ya Machi 2025 Wisconsin alipomfunga Ohio State 4-3 pale Minneapolis. Nilijua maswali yatakuja ila sio kwa spidi hii. Nimechagua machache, mengine yalikuwa ni kumtukana refa tu, hayo nimeyaacha huko huko yalikotoka.

Shikamoo anko. Mi mgeni kabisa wa huu mchezo, nimekutana na klipu tu, naona wadada wamevaa vizimba usoni wanakimbiza kitu ambacho mpaka klipu inaisha sijakiona. Nipe japo ABC nisiaibike mbele za watu.
*Mgeni wa Barafu*

Marahaba mwanangu. Hicho kitu kinaitwa paki, kisahani cheusi cha mpira mgumu, unene sentimita 2.5 na uzito kama gramu 170 hivi, na kabla ya mechi wanakigandisha kwenye friza ili kisidundedunde. Usijilaumu kutokiona, hata sisi wazoefu mara nyingi tunawaangalia wachezaji wanaelekea wapi ndo tunajua paki iko wapi.

Barafuni kila timu ina watu sita, kipa na wenzake watano. Vipindi ni vitatu vya dakika 20, na saa inasimama kila filimbi ikilia, ndo maana dakika 60 zinakula zaidi ya masaa mawili. Sabu hazina kikomo wala hazisubiri ruhusa ya refa, mtu anaingia anakimbia kama kaiba, haimalizi hata dakika moja anarudi benchi anahema mwenzie anaruka ukuta kuingia. Ukicheza faulo ya kawaida unaenda kukaa kwenye kijichumba chako dakika 2 na timu yako inabaki pungufu.

Kwa wanawake, kumvaa mtu kwa mwili kwa makusudi ili umwangushe ni faulo. Kugombea paki bega kwa bega ruksa, kubanana kwenye ukuta ruksa. Usije ukadhani ni mchezo laini lakini, angalia tu wanavyobanana mbele ya goli dakika za mwisho.

Anko mi nina hasira mpaka leo. Ohio State alikuwa anaongoza 3-2, zimebaki sekunde 18 na ushee, Wisconsin anapewa penalti kwa kuangalia video! Refa hakupiga filimbi, mchezo ulishapita, halafu wanaenda kuchimba makaburi. Huo ubingwa wamepewa, hawakushinda. Nibishie kama unaweza.
*Mtetezi wa Ohio*

Nakubishia, tena kwa raha zangu.

Tuanze na tukio lenyewe. Wisconsin yuko nyuma goli moja, kamtoa kipa wake nje kaongeza mshambuliaji wa sita, goli lake liko wazi kabisa, yaani kaamua liwalo na liwe. Paki inapigwa golini, inakuwa vurugu, fimbo zinagongana, miili iko chini, kipa haoni kitu. Katikati ya hiyo vurugu mchezaji mmoja wa Ohio State ambaye sio kipa anaifunika paki kwa mkono ndani ya lile eneo la bluu la kipa. Marefa hawakuliona. Kocha wa Wisconsin, Mark Johnson, akaomba tukio liangaliwe kwenye video, wakaangalia weee, muda ukaenda, mwisho wakatoka na jibu, penalti. Saa ikawekwa sekunde 18.9.

Sasa ngoja nikueleze kwanini sheria iko hivyo maana hapa ndo watu wengi wanapotea. Ukifunika paki kwa mkono sehemu nyingine ya uwanja unapewa dakika 2 basi yameisha. Ila ukifanya hivyo ndani ya eneo la kipa, na wewe sio kipa, adhabu ni penalti moja kwa moja, haijalishi ni dakika ya kwanza au sekunde ya mwisho. Fikiria isingekuwepo hiyo sheria. Timu inaongoza goli moja, imebaki nusu dakika, kila beki angeilalia tu paki mbele ya goli, anachukua dakika zake 2, mechi inaisha akiwa kwenye kijichumba anapiga makofi. Ingekuwa faida tupu kwa aliyekosea. Kwahiyo sheria inasema hapana, uliyemnyima nafasi ya kufunga mrudishie nafasi ya kufunga.

Na penalti ya hoki sio ile unaweka mpira kwenye doa mita 11 kipa anabahatisha upande. Paki inawekwa katikati ya uwanja, mpigaji anaichukua anakuja nayo peke yake, ni lazima paki iwe inasogea mbele kuelekea golini muda wote, na kipa naye akishaona imeguswa anaruhusiwa kutoka kumfuata. Ukipiga akaokoa, hakuna kumalizia, imeisha hiyo. Makipa wanaokoa nyingi tu. Kwahiyo mtu anayesema "wamepewa" anasahau kwamba walichopewa ni nafasi, tena nafasi ya kukosa mbele ya uwanja mzima msimu ukiwa unaning'inia kwenye fimbo ya mtu mmoja.

Huyo mtu alikuwa Kirsten Simms. Akafunga, 3-3. Kwenye muda wa nyongeza, haujafika hata dakika tatu, Simms huyo huyo akafunga tena. Mechi ikaishia hapo maana kwenye mtoano wa vyuo goli la kwanza la nyongeza ndo linamaliza kila kitu.

Halafu kuna kitu ambacho wewe mtetezi umekiruka kimakusudi, na hili ndo ninalotaka ulichukue. Hizi timu mbili zilikutana fainali tatu mfululizo, 2023 mpaka 2025. 2023 Wisconsin alishinda 1-0, na goli lilikuwa la nani? La Simms, akiwa mwaka wa kwanza chuoni. 2024 Ohio State akalipiza 1-0, goli la Joy Dunne, naye akiwa mwaka wa kwanza. 2025 ikawa 4-3. Fainali tatu, zote tofauti ni goli moja. Timu zikilingana hivyo mechi haiwezi kuamuliwa na kitu kikubwa, itaamuliwa na kiganja cha mtu, na aliye macho kukiona hicho kiganja. Benchi la Wisconsin liliona kitu ambacho marefa wote hawakukiona, wakawa na akili ya kuomba video wakati wengine wangeendelea kupiga kelele tu. Huko ni kushinda, bana.

Nakupa moja tu ya kukufariji, ule muda wa kusubiri marefa waangalie video ni mrefu mno na unaua mechi. Kipa wa Ohio State alisimama pale mpaka mwili ukapoa kabla ya kupigiwa penalti ya ubingwa. Hiyo ningekuwa na uwezo ningeibadilisha.

Anko, huyo kocha Johnson ni nani mpaka kila mtu anamwongelea kama mtume? Halafu mbona timu ya wanawake inafundishwa na mwanaume?
*Mama Vocha*

Mama Vocha salama? Mark Johnson alikuwa mchezaji wa timu ya Marekani iliyowafunga Wasovieti 4-3 kwenye Olimpiki ya Lake Placid mwaka 1980, wakati Marekani ilipeleka vijana wa vyuo kucheza na watu walioonekana hawafungiki. Mechi ile yeye alifunga mawili, na moja lilikuwa la kusawazisha 2-2 ikiwa imebaki sekunde moja kipindi cha kwanza kiishe. Kwahiyo mtu akikwambia zimebaki sekunde 18.9 mchezo umekwisha, huyu mzee anacheka tu.

Wisconsin ya wanawake kaichukua 2002, na ubingwa wao wote wa taifa wameupata akiwa yeye, kuanzia 2006 mpaka huo wa 2025 ambao ulikuwa wa nane. Baba yake, Bob Johnson, alikuwa kocha maarufu wa timu ya wanaume ya chuo hicho hicho.

Kuhusu mwanaume kufundisha wanawake, swali halali, ila ungeangalia na benchi la pili. Kocha wa Ohio State ni mwanamke, Nadine Muzerall, aliwahi kuchezea chuo cha Minnesota, na Ohio State haikuwa na kombe hata moja la taifa kabla yake. Kawapa la 2022 na la 2024. Mi binafsi ukiniuliza nani kafanya kazi ngumu zaidi kati ya hao wawili, nasema Muzerall, maana yeye kajenga mahali ambapo hapakuwa na nyumba.

Wisconsin msimu ule walikuwa wakali kweli au ni bahati ya siku moja? Na je kuna timu iliyowahi kumaliza msimu bila kufungwa kabisa?
*Kijana wa Takwimu*

Walishinda 38, sare 2, walipoteza mechi moja tu. Moja! Nusu fainali waliipiga Minnesota 6-2, tena kwenye uwanja wa Minnesota wenyewe, Ridder Arena, kwahiyo bahati ya siku moja tuiweke pembeni. Kwenye tuzo ya mchezaji bora wa mwaka, inaitwa Patty Kazmaier, watatu waliofika hatua ya mwisho wote walitoka Wisconsin: Casey O'Brien, Laila Edwards na beki Caroline Harvey. Akachukua O'Brien, dada ambaye utotoni aliugua saratani ya mfupa mguuni, we fikiria mchezo wenyewe unachezwa kwa miguu. Edwards naye ndo mwanamke wa kwanza mweusi kuchezea timu ya taifa ya wakubwa ya Marekani kwenye hoki, mwaka 2023, na msimu huo wa ubingwa alikuwa kinara wa magoli nchi nzima, 35.

Kumaliza bila kufungwa, ipo timu moja tu tangu mashindano haya yaanze kusimamiwa na NCAA, chama cha michezo ya vyuo Marekani, mwaka 2001. Minnesota, msimu wa 2012-13, mechi 41 ushindi 41. Watu wanaitaja kama vile walikuwa wanatembea tu, kumbe nusura wafe mara mbili. Robo fainali na North Dakota ilienda nyongeza tatu ndo wakashinda 3-2, nusu fainali na Boston College nyongeza tena, 3-2 tena, fainali ndo wakapumua wakamfunga Boston University 6-3. Walienda mpaka ushindi wa 62 mfululizo, na aliyeukata Novemba 2013 ni nani? North Dakota wale wale.

Upande wa pili wa shilingi ni Boston College 2016. Wameshinda 40 kati ya 40, wamefika fainali, wakakutana na Minnesota, wakafungwa 3-1. Mechi 40 za miezi zaidi ya mitano halafu ile moja ya mwisho ndo inakuwa kovu. Mi ule msimu unaniuma kuliko wa Ohio State, na mtetezi wangu wa hapo juu asome hapa.

Swali fupi anko. Hawa wadada wakimaliza chuo wanaenda wapi, au ndo fimbo inawekwa uvunguni?
*Asiyelala*

Zamani ilikuwa karibu hivyo, ligi zilikuwa zinaanzishwa zinakufa, mshahara wa kuungaunga, wengi walikuwa na kazi nyingine mchana. Tangu Januari 2024 kuna ligi ya PWHL ya Marekani na Kanada, ilianza na timu sita. Kwenye drafti ya 2025, yaani zile zamu za timu kuchagua wachezaji wapya, O'Brien alichukuliwa wa tatu, na New York. Simms, Edwards na Harvey wao walikuwa bado wana mwaka wa kusoma. Ukisikia mtu anasema Ohio State wangepumua baada ya O'Brien kuondoka, mwambie Simms alirudi chuoni.