Umbo la plagi lisikudanganye: maswali yenu kuhusu USB

Laptopu yangu mpya na diski yangu ya SSD zote zina tundu la USB-C. Kuhamisha video za harusi, GB 60, kunachukua nusu saa. Diski ni mbovu?

Kabla ya kuilaumu diski, ndugu yangu, angalia waya. Nahisi umechukua ule wa chaja ya simu. C ni umbo tu la plagi, lilitoka mwaka 2014. Kasi ni habari nyingine kabisa. Nyaya nyingi za chaja za simu hupitisha data kwa USB 2.0, kiwango cha mwaka 2000: megabiti 480 kwa sekunde (biti nane ni baiti moja), ambazo ukija kwenye kazi halisi ni megabaiti 35 hivi kwa sekunde. Piga hesabu, utaipata hiyo nusu saa yako.

Niliwahi kuuchana waya wa namna hiyo kwa wembe. Ndani mlikuwa na nyuzi tano: mbili za umeme, mbili za data, na moja ya vifaa kutambuana. Zile jozi za nyuzi za kasi hazikuwemo. Hata ubadilishe programu mara kumi, data haiwezi kupita pasipo na njia. Tafuta waya ulioandikwa 10 Gbps, yaani gigabiti 10 kwa sekunde. Kama diski na tundu la laptopu vinaimudu kasi hiyo, mzigo huo utaisha kwa dakika chache.

USB 3.2 Gen 1 ni bora kuliko USB 3.0?

Ni kitu kilekile, gigabiti 5 kwa sekunde. Kimebadilishwa jina mara mbili, na jambo hili linaniudhi kwa sababu anayeumia ni mnunuzi. Namba ya toleo iache, uliza Gbps ngapi.

Kipanya changu cha mwaka 2003 kinafanya kazi kwenye tundu la bluu, lile la USB 3.0, la kompyuta mpya. Inawezekanaje?

Hapo ndipo ninapowavulia kofia mafundi wa USB. Kabla ya mwaka 1996 kibodi, printa na kipanya kila kimoja kilikuwa na tundu lake, na mara nyingi ukichomeka kitu ilibidi uzime kompyuta na kuiwasha upya. Ajay Bhatt na wenzake wa Intel, pamoja na kampuni kama Compaq, IBM, Microsoft na NEC, wakaleta tundu moja lenye pini nne. USB 3.0 ilipokuja mwaka 2008, zile nne ziliachwa palepale, zikaongezwa tano nyuma yake. Kipanya chako kinagusa nne zake tu, hizo nyingine hakizijui.

Chaja ya laptopu ya wati 100 itaunguza simu yangu?

Kama ni chaja ya C inayofuata kiwango, haiunguzi. Inaanza na volti 5, kisha simu na chaja hukubaliana kama zipande hadi 9 au zaidi. Simu isipoomba, haiongezewi. Ila zile chaja zisizo na jina wala maandishi ya volti, dada, hata kwa bei ya bure usichomeke.